Uainishaji wa Spika za Nyumbani kwa Kigezo cha Sikio Linalolengwa

Utangulizi

Mwaka 1735 Carl Linnaeus alichapisha Systema Naturae, kitabu alichokusudia kiwe daftari la vitu vyote vya ulimwengu: madini, mimea na wanyama, kila kimoja na kundi lake. Spika hazimo. Hatumlaumu, kwa kuwa spika ya koni na koili, bibi wa takriban kila spika inayouzwa Kariakoo leo, ilikuja kuelezwa kitaalamu na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric mwaka 1925. Lakini tangu hapo karne imekatika, viumbe hawa wameingia kila sebule kuanzia Tandale hadi Tudor, na mnunuzi bado anaingia dukani na swali moja tu la kitaaluma: “Ina besi kweli?”

Makala haya yanajaribu kumpa swali la pili. Waliotutangulia wameziainisha spika kwa wati, kwa inchi, kwa namba zenye nukta na kwa wingi wa taa. Tutaonyesha kwamba vigezo hivyo vyote vinapima kasha na kumsahau msikilizaji. Sisi tunapendekeza kigezo kimoja: sikio gani linalengwa? Kila mnunuzi hudai kwamba anataka kusikia. Wengi wao, wakichunguzwa kwa makini, wanataka kusikika. Na hao wawili hawapaswi kutoka dukani wamebeba kitu kimoja.

Istilahi zisitupotezee muda. Mtaani “sabufa” ni seti nzima pamoja na vispika vyake. Humu ni lile sanduku la besi peke yake.

Mapitio ya mikabala iliyopo

Mkabala wa wati ndio mkongwe na ndio wenye wafuasi wengi. Mfuasi wake husoma namba iliyochapishwa mbele ya kasha kwa rangi ya dhahabu, kisha hununua iliyo kubwa kuliko ya shemeji yake. Shida ni kwamba kasha hilohilo lina namba nyingine, nyuma, karibu na waya wa umeme, kwa herufi zilizoandikiwa sisimizi. Tuchukue seti ya mfano: mbele 12,000W PMPO, nyuma 80W. Kwa umeme wa volti 230, wati 12,000 zingevuta takriban ampea 52, ilhali plagi ya ukutani yenye fyuzi ya ampea 13 huishia karibu wati 3,000. Namba ya mbele ingekuwa kweli, mwenye seti angehitaji soketi nne zinazohema hadi mwisho wa uwezo wake, na uniti za LUKU zilizosalia mwisho wa mwezi zisingefika ubeti wa pili. PMPO haina kanuni moja ya upimaji. Kila kiwanda hupima kitambo kifupi kipendwacho na nafsi yake. Namba ya kuulizia ni RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo, na hiyo haiwezi kuizidi nguvu inayoingia kutoka ukutani.

Hata wati za kweli hazina uzito unaodhaniwa. Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa karibu desibeli 88 kwa wati 1, ukiisikiliza ukiwa mita 1. Mazungumzo ya watu wawili wasiogombana ni karibu desibeli 60. Wati ya kwanza tu, basi, imekwisha kuwanyamazisha wenye nyumba. Kuongeza nguvu mara mbili huzaa desibeli 3, tofauti ambayo mtu asiyeambiwa anaweza asiigundue. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu, huhitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Anayeuza seti ya wati 50 ili anunue ya wati 100 amelipa nauli ya Morogoro akashukia Kibaha.

Mkabala wa inchi una chembe ya ukweli. Besi ni kazi ya kusukuma hewa, na koni ya inchi 10 ina eneo mara 4 ya koni ya inchi 5. Lakini koni haifanyi kazi peke yake, inategemea sanduku. Josef Anton Hofmann, mmoja wa waasisi watatu wa kampuni ya KLH iliyoanzishwa Marekani mwaka 1957, ameacha kanuni inayofaa kubandikwa katika kila duka la Kariakoo na la Luthuli Avenue: kasha dogo, besi inayoshuka chini sana, na sauti kubwa kwa umeme kidogo; chagua viwili, cha tatu kisahau. Kisanduku cha kubebeka kwapani kinachodai kuwa navyo vyote vitatu kimekwisha kujieleza tabia. Ndiyo maana wakaguzi wenye uzoefu huanza kwa kukinyanyua, kisha hukigonga kwa vifundo vya vidole. Kikijibu kwa mlio mmoja mfupi, kuta zake ni nene. Kikiendelea kujibu baada ya mgongaji kunyamaza, kitaimba juu ya kila wimbo kitakaopewa.

Mkabala wa namba zenye nukta ulizaliwa sinemani. Sauti ya dijitali ya Dolby ilipotoka hadharani na filamu ya Batman Returns mwaka 1992, ilikuwa na njia tano kamili na ya sita ya miungurumo pekee, ambayo kwa kuwa hubeba kipande kidogo tu cha masafa ilipewa hadhi ya sehemu ya kumi: 5.1. Sebuleni, hata hivyo, seti yenye namba hiyo mara nyingi hulishwa na flashi, simu, au king'amuzi kilichounganishwa kwa nyaya mbili, nyekundu na nyeupe. Nyaya hizo hubeba njia mbili, kulia na kushoto. Spika zilizosalia haziongezi habari. Zinarudia umbeya uliokwisha kusikika mbele. Mwenye vifaa vya kutosha kuipata 5.1 ya kweli, yaani risiva na chanzo chenye njia zote, bado atakutana na makochi yaliyoegemezwa ukutani, na spika za nyuma zinazotafuta nyuma ziende wapi.

Mkabala wa taa unashikilia kwamba spika bora ni ile inayobadili rangi kwa mdundo. Wataalamu wake wakuu wana umri wa miaka minne. Hatuna ushahidi wa kuwapinga.

Msingi wa kifizikia wa kigezo kipya

Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20. Dar es Salaam, kwa sababu zinazojulikana na kila mwenye shati, huenda kasi kidogo zaidi. Gawanya mwendo huo kwa masafa upate urefu wa wimbi. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne, hezi 41, ina wimbi la zaidi ya mita 8. Mlio wa “s”, ambao nguvu zake nyingi ziko juu ya hezi 5,000, una mawimbi yasiyofika sentimita 7.

Tofauti hiyo ndiyo nguzo ya makala yote. Mawimbi mafupi huenda yanakoelekezwa, hugonga ukuta wa tofali, hurudi, humezwa na pazia na makochi, hufa humohumo chumbani. Mawimbi marefu hayaelekezeki. Husambaa pande zote, huutikisa ukuta wenyewe, huamsha bati, na hutokea upande wa pili yakiwa na afya njema. Kwa hiyo kila wimbo unaopigwa sebuleni hugawanyika: maneno, nyuzi za gitaa na pumzi ya mwimbaji humbakia mwenye nyumba, besi humwendea jirani. Tunaiita hii Kanuni ya Mgawanyo. Kwa mujibu wake, vispika vya mbele ni mali ya mnunuzi, na sabufa ni mali ya mtaa mzima, ingawa risiti ina jina la mtu mmoja.

Kwa kuzingatia hayo tumetambua spishi tano.

Spishi ya kwanza: Spika faraghani

Hulenga sikio la mwenyewe. Makazi yake ni chumba cha kulala, meza ya fundi cherehani, au kona ya mzee anayejua tofauti ya gitaa la solo na la ridhimu katika kila wimbo wa Morogoro Jazz. Kwa umbo ni spika mbili tu, mara nyingi bila sabufa. Alan Blumlein alipoomba hataza ya sauti ya njia mbili nchini Uingereza mwaka 1931, alikuwa anamfikiria mtu huyu bila kumjua: msikilizaji mmoja, aliyekaa mahali pamoja, spika mbili zikiwa umbali sawa kutoka kwake na baina ya spika zenyewe, twita, yaani vikoni vya sauti nyembamba, zikiwa usawa wa masikio. Akisogea nusu mita, mwimbaji naye husogea. Kwa sababu hiyo spishi hii haifai kwa familia yenye kochi la watu watatu, isipokuwa wawili kati yao wakubali kuonewa.

Ina udhaifu mmoja wa kimaumbile. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu husikia besi vibaya sauti inapokuwa ndogo. Anayesikiliza kwa upole usiku wa manane ndiye hasa anayehitaji kuongezewa besi, na ndiye asiyeiomba. Sabufa ndogo iliyofungwa pande zote, iliyoshushwa sauti mpaka isijulikane iko wapi, ingemfaa sana. Hatainunua, anaamini sabufa ni ya vijana.

Spishi ya pili: Spika sebuleni

Hulenga masikio yote yaliyomo nyumbani. Hulishwa tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, mpira wa Jumapili, na filamu za mapigano. Sauti yake ya kipekee haitoki kwenye koni; hutoka kwenye kochi: “Amesemaje?” Swali hilo huulizwa kila baada ya muda mfupi, na jibu lake huwa ni kuongeza sauti, hatua ambayo huwafikisha wote salama hadi mlipuko unaofuata, ambapo mtoto mchanga huamka na rimoti hubadili mikono kwa nguvu.

Tiba imejulikana tangu zamani na watu wasiosoma akustika. Katika vibanda umiza vya Tanzania, na katika filamu zinazosimuliwa na DJ Afro nchini Kenya, sauti ya msimuliaji hukaa juu ya kila kitu. Bunduki inangoja. Helikopta inangoja. Vibanda hivyo vilitambua ngazi za sauti kabla ya wauzaji wengi: neno kwanza, mlipuko baadaye. Mnunuzi wa spishi hii na aige mfano huo. Fedha yake iende kwanza kwenye spika zinazosema maneno, yaani mbili za mbele, au ya katikati kama risiva inaikubali. Mengi ya maneno hueleweka kwa masafa ya kati ya hezi 1,000 na 4,000, na huko sabufa haina kazi yoyote.

Chini ya spishi hii tumeiweka pia saundiba, ule upau unaolala mbele ya televisheni. Husaidia maneno kwa sababu huyatoa mbele, tofauti na televisheni bapa ambayo spika zake zimefichwa nyuma na humsimulia ukuta. Haiwezi kutenganisha kulia na kushoto kama spika mbili zilizoachana, lakini haidondoshwi na watoto.

Spishi ya tatu: Spika hadharani

Hulenga sikio la mgeni. Huwashwa mgeni anapoketi na kuzimwa anapoaga. Utaitambua kwa nailoni ya kiwandani ambayo haijabanduliwa, na kwa kipande kimoja cha filamu, daima kilekile, chenye helikopta inayopita kutoka kushoto kwenda kulia. Mwenyeji hajawahi kuitazama filamu hiyo hadi mwisho. Kipimo cha mafanikio ni neno “Duh!”, nalo hurekodiwa moyoni.

Spishi hii hufaidika sana na tabia ya vyumba. Katika chumba cha urefu wa mita 4, nusu wimbi la mlio wa karibu hezi 43 huingia kamili baina ya kuta mbili. Hivyo mlio huo hujikusanya ukutani na karibu hupotea katikati ya chumba. Mgeni aliyekalishwa kwenye kochi la ukutani hupata besi ya kushika mbavu. Mgeni wa pili, aliyeletewa kiti cha plastiki katikati kwa kuwa makochi yamejaa, huisikia filamu ileile ikiwa imekonda, na kuondoka akijiuliza wenzake walikuwa wanashangilia nini. Mwenyeji mwenye elimu hutumia jambo hili kupanga daraja za wageni.

Spishi ya nne: Spika mtaani

Hulenga sikio la asiyekuwepo. Ndiyo spishi inayokua kwa kasi zaidi, na imegawanyika katika nususpishi mbili ambazo wachunguzi wa awali walizichanganya.

Nususpishi ya mdundo hutunzwa na vijana. Mlo wake ni amapiano na singeli. Hapa pana mkanganyiko wa kuhuzunisha. Singeli hukimbia midundo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa 240, kila mdundo una robo sekunde tu kabla ya mwingine kufika. Masanduku mengi ya bei nafuu yana tundu la hewa linaloongeza sauti kwenye noti fulani, na yasiposanifiwa vizuri noti hiyo huendelea kuunguruma baada ya ngoma kunyamaza. Midundo hupandiana migongo. Sanduku lililofungwa kabisa, ambalo Edgar Villchur aliliingiza sokoni na spika yake ya AR-1 mwaka 1954, hutulia mapema zaidi na lingemfaa mpenzi wa singeli kuliko mtu yeyote duniani. Lakini kwa wati zilezile halipigi kelele nyingi, kwa hiyo hulinunua mpenzi wa nyimbo za taratibu, na la tundu huenda kwa kijana. Tundu lenyewe, tukumbushe, ni makazi ya mende, sarafu na, katika kaya zenye watoto, kijiko kimoja.

Nususpishi ya mpasho ndiyo yenye utata mkubwa wa kinadharia. Taarabu ya rusha roho hupigwa ili fulani asikie maneno, na fulani huyo yuko upande wa pili wa ukuta. Mpigaji hununua sabufa kubwa, huongeza besi hadi mwisho, na jirani aliyekusudiwa hupokea ngurumo isiyo na irabu wala konsonanti. Anadhani ni mashine ya kusaga. Kanuni ya Mgawanyo inaeleza kilichotokea: ukuta umepitisha hasira na kuzuia ujumbe. Mpigaji aliyesoma fizikia angezima sabufa kabisa, angevielekeza vispika vyenye twita dirishani, angefungua pazia, kisha angepunguza sauti mpaka kila neno litoke zima. Kwa heri ya mtaa elimu hiyo haijaenea, na tunaichapisha hapa kwa shingo upande.

Sheria inaitambua spishi hii. Kenya ina kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, na Tanzania za mwaka 2015. Kwa kawaida, hata hivyo, shauri huanzia kwa mama mwenye nyumba, hupanda kwa mjumbe wa nyumba kumi, na huishia hapo, kwa kuwa mjumbe naye ana seti yake.

Spishi ya tano: Spika kabatini

Haina sikio inalolilenga. Hulenga jicho. Imesimama pande mbili za kabati la televisheni, ndefu, ya rangi ya mninga, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pana chombo chenye maua ya plastiki. Mara nyingi ni masalia ya redio kubwa ya kaseti ambayo deki yake ilikufa na ambayo hakuna mwenye moyo wa kuitupa. Wachunguzi wenye haraka huidharau. Sisi tunashauri ifunuliwe: kasha lake ni kubwa kwa kipimo cha Hofmann, ubao wake ni mnene kuliko wa seti nyingi mpya, na pengine kilichooza ni ukingo wa sponji wa koni tu, kitu ambacho fundi redio hukibadilisha. Ikipata amplifaya ndogo ya siku hizi, spika hii inaweza kuzishinda spishi zote nne zilizotangulia. Haitafunuliwa.

Mbinu za utafiti

Dukani. Muuzaji mzoefu hajawahi kusoma Fletcher na Munson, lakini anawatumia kila siku: spika anayotaka uinunue huipandisha sauti kidogo, na sikio lako litaapa kwamba ina besi nzuri zaidi. Dawa yake ni kuomba zote zipigwe kwa sauti sawa, na iwe ya wastani. Halafu kataa wimbo wa duka, ambao umechaguliwa kwa sababu husikika vizuri hata kwenye ndoo. Njoo na flashi yenye wimbo unaoujua kila kona, pamoja na taarifa ya habari. Msomaji wa habari ni kipimo kikali kuliko bendi nzima, kwa sababu kila mtu anajua mwanadamu anavyosikika. Akisikika kama anasomea ndani ya pipa, usilaumu habari.

Nyumbani. Sikio hupata tabu kujua upande inakotoka sauti iliyo chini ya karibu hezi 80, na ndiyo maana mfumo wa THX, uliobuniwa na Tomlinson Holman na kuanza na filamu ya Return of the Jedi mwaka 1983, uliuchukua mpaka huo kuwa wa kukabidhiana kazi baina ya spika na sabufa. Vispika vidogo sana haviwezi kushuka hadi hapo, kwa hiyo sabufa hulazimika kupanda kuvifuata, na ndipo sauti za wanaume huanza kutokea chini ya meza. Chagua spika za mbele zenye koni ya kutosha, weka mpaka karibu na 80, na sabufa itapotea machoni pa masikio.

Mahali pa kuiweka hupatikana kwa mbinu ya kutambaa. Weka sabufa juu ya kochi unalokalia, piga wimbo ambao besi yake hupanda na kushuka, kisha tambaa pembezoni mwa kuta ukiwa umeinamisha kichwa. Utapita sehemu ambapo noti moja inavimba na nyingine haipo. Ukifika mahali ambapo noti zote zina nguvu sawa, hapo ndipo pake. Mbinu hii ni halali kabisa kisayansi, kwa kuwa chanzo na msikilizaji wakibadilishana nafasi, chumba hutoa jibu lilelile. Tunashauri tu ifanyike siku ambayo wakwe hawapo.

Kona ya chumba huongeza besi bure bila wati hata moja. Ni zawadi kwa sabufa dhaifu na adhabu kwa yenye nguvu. Sakafu ya vigae, kuta za saruji na madirisha ya vioo hurudisha twita mpaka maneno yapoteze ncha. Zulia na pazia zito hutengeneza sauti kuliko kifaa chochote cha bei hiyo, na wauzaji wake hawapo mtaa wa redio, ndiyo maana hawatajwi.

Pingamizi na majibu

Tumeambiwa kwamba kigezo chetu kinawaonea wapenda besi. La hasha. Besi ni theluthi ya furaha ya rumba na roho nzima ya ngoma; filamu bila besi ni tamthilia ya redio iliyopoteza adabu. Tunachopinga ni kuinunua kwanza, kubwa, kisha kumalizia na vispika vya chenji iliyobaki. Mpangilio huo humpa jirani sehemu bora ya fedha yako. Mpangilio wa haki huanza na spika mbili za mbele, hufuata amplifaya yenye RMS ya kweli, hufuata zulia, na sabufa huja mwisho, ikiwa ndogo kuliko tamaa na nzito kuliko inavyoonekana.

Tumeambiwa pia kwamba mtu ana haki ya kununua ili asikike. Anayo. Tunamwomba tu aseme hivyo dukani, ili apewe kifaa kinachofaa: sanduku la tundu, inchi 12, bila vispika kabisa. Ataokoa fedha, na hakuna atakayegundua tofauti, kwa kuwa yeye mwenyewe huwa amesimama nje akiongea na simu.

Ufunguo wa utambuzi

Msomaji anayetaka kujua ana spishi gani na azime seti yake ghafla, katikati ya wimbo, kisha afuate hatua hizi.

1. Mtu yeyote amesema kitu? Ndiyo: nenda 2. Hapana: nenda 5.

2. Aliyesema yumo ndani ya nyumba? Ndiyo: nenda 3. Hapana: nenda 4.

3. Ni wewe peke yako: Spika faraghani, ongeza sabufa ndogo na usimwambie mtu. Ni watoto na mama yao, kwa pamoja: Spika sebuleni; washa upesi. Ni mgeni, naye ameuliza bei: Spika hadharani; bandua nailoni.

4. Aliyesema ni jirani, naye amesema “Alhamdulillahi”: Spika mtaani, nususpishi ya mdundo. Jirani amejibu kwa kuwasha yake: nususpishi ya mpasho, na ujumbe umefika.

5. Hakuna aliyejua kwamba ilikuwa imewashwa: Spika kabatini. Fua kitambaa.